Tulipokuwa tunasubiri pantoni

Kwetu Sengerema sikuwahi kumsikia mtu akisema anakwenda kutalii. Watu walikwenda Mwanza: Bugando kwa matibabu, sokoni, mahakamani, msibani. Ila kila aliyekwenda ilimbidi akutane na Ziwa Viktoria kwanza, maana barabara ilikuwa inaishia majini pale Busisi. Ng'ambo ni Kigongo, na katikati ni ghuba. Hapo ilikuwa ni pantoni tu, nayo ina saa zake.

Kuvuka kwenyewe kulichukua kama nusu saa. Kungoja ndiko kulikokula siku: saa moja ukibahatika, saa mbili au tatu foleni ya malori ikiwa ndefu. Miaka ya 1990, magugu maji yalipotanda ziwani, hata hesabu hiyo haikuaminika tena.

Shangazi, ambaye nilikuwa nikifuatana naye, hakukubali kungojea ndani ya basi. "Shuka unyooshe miguu, mwanangu," aliniambia, naye huyoo kwa akina mama wauza samaki. Tulikula sato wa kukaanga kwenye kipande cha gazeti, chumvi na pilipili pembeni, tumekaa juu ya jabali lililopata jua tangu asubuhi. Mawe ya Mwanza ni ya itale, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mimi wakati huo nilichojua ni kwamba yanaunguza makalio ikifika saa sita.

Kwenye mawe hayo ndiko nilikomfahamu mjusi wa kwetu. Dume ana rangi ya waridi iliyokolea kuanzia kichwani hadi mabegani, na kuanzia hapo hadi mkiani ni bluu. Hukaa mahali pa juu, akajiinua na kujishusha kwa miguu ya mbele, mara nyingi mfululizo, kuwaonya wenzake wasisogee. Ukimkaribia anazama kwenye ufa, na ukikaa kimya anatoka tena. Ukikosa kumwona yeye, utawaona pimbi wakiota jua, au furukombe juu ya mti akiyatazama maji. Hakuna aliyetupeleka kuwaona. Tulikuwa tunangoja zamu.

Mjini nako mambo yalikuwa hayo hayo. Shughuli ikiahirishwa hadi alasiri, Shangazi alinipeleka Saanane. Kisiwa hicho, chenye jina la mvuvi Saanane Chawandi, kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza ya serikali nchini. Tulingoja boti upande wa Capri Point, tukavuka kwa dakika chache, tukazungukia vizimba. Jioni, tukirudi Sengerema kwa njia nyingine, ile ya kivuko cha Kamanga, tulipita karibu na Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama majini kana kwamba limewekwa kwa mkono. Wageni walilipiga picha. Sisi tulilitumia kujua kama mji umeshabaki nyuma.

Mwaka 2013 Saanane ikawa hifadhi ya taifa, ndogo kuliko zote Tanzania, kilometa za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake. Siku hizi ninapokwenda nalipa kiingilio, navaa viatu vya kupandia mawe, na swala pala hupita njiani mbele yangu. Ni pazuri kuliko nilivyopakuta utotoni. Ila sasa ni lazima nipange siku ya kwenda.

Kisha likaja daraja. Ujenzi ulianza mwaka 2020, na Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli likafunguliwa, lenye urefu wa kilometa tatu kutoka Kigongo hadi Busisi. Safari iliyokuwa ikila nusu siku sasa ni dakika chache. Sitamsikiliza mtu atakayeniambia tulikuwa na heri zamani. Nimeona gari la wagonjwa likiwa kwenye ile foleni, taa zikizunguka, na pantoni ikiwa bado ng'ambo. Mama mwenye uchungu hakuhitaji mandhari, alihitaji kufika Bugando.

Hata hivyo jambo moja nimeligundua kwa wanangu. Wanavuka ghuba ile kila likizo wakienda kwa bibi yao, na mjusi wa waridi na bluu wamemwona kwenye simu tu. Basi haliwapi nafasi ya kuteremka, na wao hawana sababu ya kuiomba. Sisi uzuri wa ziwa tuliupata kama nyongeza ya usumbufu, na usumbufu ulipoondoka, nyongeza nayo ikaondoka. Hilo si kosa la daraja. Kutuonyesha ziwa ni kazi ambayo barabara ilitufanyia bure kwa miaka mingi, na sasa imeturudishia wenyewe.

Kwa hiyo mgeni akiniuliza leo aende wapi, namtajia Saanane asubuhi kabla jua halijachoma, machweo pale kwa Bismarck, na akiwa na siku zaidi, meli ya Nansio hadi Ukerewe, kisha Ukara kwenye jiwe linalocheza. Halafu namwambia atenge siku yenyewe kabisa, asiseme ataona akiwa njiani. Njiani sasa hakuna tena pa kungoja.