Ishara

Mwaka jana mdogo wangu aliniletea kazi ndogo. Alikuwa amelipia huduma fulani ya ishara za biashara ya sarafu za kidijitali: nunua hii, uza ile, sasa hivi. Ishara zilikuwa zinaingia kwenye simu na yeye alikuwa anazikosa. Akilala, zinapita. Akiwa kwenye daladala bando likakata, zinapita. "Braza," akaniambia, "hawa jamaa wana API. Wewe si unaandika programu? Niunganishie tu, mashine inunue yenyewe."

API, kwa lugha ya nyumbani, ni dirisha la huduma. Huingii ndani. Unasimama dirishani, unaonyesha kitambulisho, unaomba kwa utaratibu uliowekwa, unapewa. Shida ya dirisha la kawaida ni kwamba kila mara inabidi uulize: kuna jipya? kuna jipya? Kwa bei inayobadilika kila sekunde, hilo linawachosha wote wawili. Ndiyo maana ishara za papo kwa papo hupita kwenye websoketi, utaratibu uliosanifishwa mwaka 2011. Mnapigiana simu mara moja, halafu hamkati. Likitokea jambo, upande wa pili unasema. Baada ya muda seva inakutupia neno dogo, "upo?", nawe unajibu "nipo". Usipojibu, inakata.

Usiku wa kwanza seva ilinikatalia. Ufunguo ulikuwa sahihi, saini sahihi, ila saa ya kompyuta yangu kuukuu ilikuwa nyuma kwa dakika moja na nusu. Maombi haya hutiwa saini pamoja na muda, ili mtu akiyadaka njiani asiweze kuyatumia tena kesho. Ukichelewa sekunde chache tu, wewe ni mgeni. Nikarekebisha saa. Muda wenyewe huwa unakuja kama tarakimu ndefu, milisekunde zilizohesabiwa tangu Januari 1, 1970. Saa sita usiku ya seva, kwetu Dar ni saa tisa. Ndiyo saa niliyokuwa macho ishara ya kwanza ilipoingia: jina la sarafu, bei ya kuingilia, bei ya kuchukulia faida, bei ya kukatia hasara. Mistari minne. Programu yangu ikanunua kabla sijamaliza kuisoma.

Sitadanganya, nilisisimka. Niliizima taa nikabaki natazama mistari ikishuka kwenye kioo. Na neno lenyewe lilinikaa kichwani. Ishara. Kwa Kiswahili ishara si ya mitambo tu. Mvuvi anaitazama angani. Bibi alikuwa akiipata kwenye ndoto, na mpiga ramli anaitafuta kwenye mchanga. Anayetoa ishara hahitaji kueleza amejuaje. Sisi tunaosoma na kuandika tungeliona hilo upesi kwenye hadithi ya mtu mwingine. Mimi sikuliona, kwa sababu nilikuwa nahesabu milisekunde.

Wiki moja baadaye nilikwenda kumsalimia mama kwenye genge lake. Nikamkuta anapanga nyanya mafungu mafungu, nyumba ya nyanya nyuma yake nusu tupu. "Shikamoo mama." "Marahaba. Ile mashine yenu inaendeleaje?" Nikashtuka. Mashine yetu? Nikaambiwa kwamba amempa mdogo wangu shilingi laki sita, mkopo wa kikoba uliokuwa wa kuongezea mtaji wa genge. Hakuibiwa wala hakudanganywa. Alizitoa mwenyewe, na sababu yake aliitaja bila kusitasita: "Niliposikia umeiunganisha wewe, nikajua ni kitu cha kweli."

Halafu, huku mikono yake ikiendelea na mafungu, akauliza: "Huyo anayewaambia nunueni, yeye ananunua saa ngapi?"

Mama huamka saa kumi alfajiri kwenda sokoni. Anajua dalali anayekusifia mzigo ameshaununua. Swali lake halikuwa la kifalsafa, alikuwa anauliza muda tu. Na mimi, niliyerekebisha saa ili seva inikubali, sikuwa na jibu.

Nikarudi nyumbani nikaisimamisha ile sehemu ya kununua. Sehemu ya kusikiliza nikaiacha. Nikafungua na mkondo wa pili, wa bei zenyewe. Huo ni wa bure: soko kama Binance hutoa bei zake kwa yeyote bila ufunguo, na muunganisho mmoja hudumu saa 24 kabla haujakatwa. Kila ishara ikiingia, programu iliandika muda, bei ya sekunde ile, na bei ya dakika kumi zilizotangulia. Nikaacha hivyo wiki mbili.

Ishara 41 ziliingia. Zile za Bitcoin hazikuwa na jambo. Soko lile ni kubwa, kikundi cha watu hakiwezi kulisukuma. Zile za sarafu ndogo ndizo zilizosema. Mara nyingi bei ilianza kupanda dakika tano, sita kabla ya ishara. Ishara ikitoka, inaruka juu, kwa sababu wanachama wote wananunua kwa pamoja, na walio na mashine kama yangu wananunua wa kwanza. Kisha inaporomoka. Yupo aliyenunua mapema, na yupo aliyekuwa anatuuzia. Siwezi kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Ila nilipofungua ukurasa wao wa kumbukumbu, wiki zile mbili zilikuwa na ishara 33. Nane hazikuwepo. Zote nane zilikuwa za hasara.

Usiku ule nilikitoa kabatini kitabu nilichowahi kukisifia bila kukielewa vizuri, Reminiscences of a Stock Operator cha Edwin Lefèvre, cha mwaka 1923. Kijana wake anaanza kwa kuandika bei ubaoni, halafu anacheza kwenye vijiduka ambako mteja anabeti tu juu ya bei inayosomwa kwenye utepe, bila hisa yoyote kununuliwa. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimwonea wivu kwa jinsi alivyousoma utepe. Safari hii niliwatazama wale wengine waliosimama nyuma yake, wasiotajwa majina. Haraka ya habari si jambo jipya. Mashine ya utepe ilibuniwa mwaka 1867. Kabla yake, mwaka 1850, Paul Julius Reuter alikuwa akirusha njiwa kati ya Aachen na Brussels wakiwa na bei za masoko, kwa sababu waya wa simu ulikuwa haujafika. Aliyelipa alipata habari mapema kuliko jirani yake. Lakini njiwa alibeba bei, kitu kilichokwisha kutokea. Hakubeba amri ya kununua.

Nilimwita mdogo wangu nikamwonyesha daftari lote, mstari kwa mstari. Alinyamaza muda mrefu. "Kwa hiyo unasema mimi mjinga." Nikamwambia hapana, mashine niliandika mimi. Hakuona tofauti. Akasema ishara nyingine zililipa, na kweli zililipa. Mkeka nao huwa unatiki, ndiyo maana watu wanarudi. Tuliifunga akaunti usiku uleule. Zilirudi laki nne na elfu kumi. Jambo moja tu nililifanya vizuri tangu mwanzo: ufunguo ule niliuruhusu kusoma, kununua na kuuza, nikaifunga ruhusa ya kutoa pesa. La sivyo, huenda hata hizo zisingerudi.

Laki moja na tisini iliyobaki ninamlipa mama elfu ishirini kila mwezi. Mdogo wangu anajua, na hajawahi kulisema. Salamu zipo, lakini fupi. Mama hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonikosesha raha. Wiki iliyopita nilimpelekea fungu la mwezi. Akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga, kisha akaniuliza kama simu niliyomnunulia ni salama, maana kuna kijana amepita gengeni akisema anaweza kumwekea programu ya mikopo.

Nikamwambia, mama, safari hii muulize wewe kwanza.