Mkaratusi Bondeni

Aghalabu mabadiliko ya tabianchi yanapojadiliwa, fikra huelekezwa kwenye barafu inayoyeyuka Kilimanjaro au moshi wa viwanda vya Ulaya na Marekani. Mkulima wa Kisii au Nyamira huishia kuamini kuwa tatizo ni la wengine na dawa itatoka kwa wengine. Ilhali bondeni mwake, penye chemchemi, tatizo limeota mizizi kwa maana halisi ya neno.

Mkaratusi asili yake ni Australia. Hukua upesi, hunywa maji mengi, na ukikatwa huchipua tena. Hutoa nguzo, mbao na kuni za viwanda vya chai. Kwa familia yenye kishamba kidogo, mti huu ni benki: karo ikikosekana, mmoja huangushwa. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba. Mashamba yamegawiwa wana na wajukuu, na ardhi chepechepe iliyoachwa na mababu imegeuka akiba ya mwisho.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Amri ilikuwa ya haki. Hata hivyo, mikaratusi ingali imesimama katika mabonde mengi, kwani amri hailipi karo.

Lakini mvua haingoji mjadala. Majira ambayo wazee waliyategemea kupandia wimbi na mahindi hayatabiriki tena. Mara kiangazi hurefuka, mara mvua hunyesha kwa kishindo ikikokota udongo hadi Mto Gucha na hatimaye Ziwa Viktoria. Ardhioevu ni kama sifongo: hunyonya maji wakati wa mvua na kuyaachilia polepole wakati wa ukame. Anayeikausha hujinyima kinga wakati uleule anapoihitaji zaidi. Nayo chemchemi ikififia, wanaoongezewa mwendo ni akina mama na watoto wenye madumu.

Hatua ya dharura, basi, isiwe amri tupu. Mikaratusi ipandwe mlimani, mbali na maji. Bondeni mianzi irudishwe, nduma zilimwe, na panapofaa yachimbwe mabwawa ya samaki, ufugaji ambao kituo cha Kegati, karibu na mji wa Kisii, huufanyia utafiti. Serikali za kaunti zote mbili zimshike mkono mkulima tangu siku ya kung'oa hadi mavuno ya kwanza. Na kwa kuwa bonde moja lina wenyewe wengi, majirani wang'oe pamoja. Shamba moja likibaki na mikaratusi, chemchemi ya wote huendelea kunywewa.

Neno tabianchi limeundwa kwa tabia na nchi. Tabia ya nchi imebadilika; iliyosalia kubadilika ni tabia ya wenye nchi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta angalau una fundi. Chemchemi iliyokauka haina.