Furu wa Mzee

Mzee mmoja wa Somanda, mjini Bariadi, alikwenda sokoni pamoja na mjukuu wake, akauliza furu. Kijana muuzaji, baada ya kumwamkia kwa adabu, alimwonyesha dagaa, kisha vipande vya sangara aliyekaushwa kwa moshi. Furu hakumjua. "Furu ndiye samaki gani, babu?" aliuliza.

Mzee huyo alizaliwa Magu, karibu na mahali ambapo mto Simiyu huingia katika Ghuba ya Speke. Utotoni mwake furu walikuwa kitoweo cha maskini: wadogo, wenye miiba tele, wala hapana aliyejali kuwahesabu. Wataalamu waliowahesabu baadaye walikadiria aina zipatazo 500 katika Ziwa Viktoria. Wengine wakila mwani, wengine matope, wengine konokono, na wengine, wakatili hao, mayai ya wenzao. Hata katika miaka ya 1970 furu walikadiriwa kuwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa samaki wa ziwa hilo.

Sangara alitiwa ziwani, upande wa Uganda, katika miaka ya 1950 na 1960, ili awageuze samaki hao wadogo kuwa nyama nene. Kazi hiyo aliifanya kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliongezeka ghafula, na aina za furu zipatazo 200 zikatoweka. Baadhi ya waliosalimika walijificha katika mafunjo ya pwani na ya midomo ya mito, ambako maji yana hewa haba, wala sangara haivumilii.

Tena mgeni hahitaji meno ili adhuru. Kombe wa Asia walioonekana katika ghuba ya San Francisco, Marekani, mwaka 1986, kazi yao ni kuchuja maji tu. Lakini kwa muda mfupi waliimaliza mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na vijidudu vilivyoitegemea vikapata njaa, na samaki waliovila vijidudu hivyo pia.

Mzee hakumlaani sangara. Samaki huyo alijaza viwanda vya Mwanza, akasafirishwa hadi Ulaya, na bati za nyumba ya mzee mwenyewe zilinunuliwa kwa fedha yake. Tangu miaka ya 1990, sangara alipopungua kwa kuvuliwa mno, baadhi ya furu wameongezeka tena. Waliokwisha kabisa hawakurejea.

Alinunua kipande cha sangara. Njiani alimchorea mjukuu furu mavumbini kwa ncha ya fimbo: kichwa, pezi, mkia. Mtoto akauliza alikuwa wa rangi gani. Mzee alisimama kitambo. Mmoja alikuwa na ubavu mwekundu, alisema, na mwingine samawati. Wa tatu hakumkumbuka.