Udongo wa Ndani ya Nyumba

Anayetafuta kwa simu maelezo ya kuotesha mbegu ndani ya nyumba, hata akiandika neno nyanya au kabichi, hafiki mbali kabla ya kukutana na bangi. Hilo nililiona mwishoni mwa 2023, nilipokuwa nikimtafutia maelezo mama yangu mdogo anayeishi Kalehe. Maandishi yaliyoeleza vizuri zaidi namna ya kuchanganya udongo wa chombo na rangi ya ukuta unaorudisha mwanga yalikuwa, kwa sehemu kubwa, ya wakulima wa mmea ambao sheria ya nchi yetu inaukataza. Mengi yalikuwa kwa Kiingereza, machache kwa Kifaransa. Kwa Kiswahili sikupata hata ukurasa mmoja uliojitosheleza.

Nataka kueleza nilichofanya na maandishi hayo. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, lakini ilinifunza jambo moja kuhusu lugha na jingine kuhusu ardhi, na hadi leo sijaweza kuyatenganisha.

Mama mdogo alikuwa akilima Nyamukubi. Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ikavunja kingo, maji yakashuka na mawe, miti na matope hadi ziwani. Nyamukubi na Bushushu ndizo zilizoumia kuliko vijiji vingine. Waliokufa walizidi 400, na wengi hawakupatikana kabisa. Yeye na watoto walikuwa kwa wakwe zake siku hiyo, ndiyo maana wako hai. Shamba alilikuta limefunikwa na mchanga na mawe makubwa kuliko mbuzi. Baadaye alikodi chumba kimoja Ihusi, chenye dirisha moja linaloelekea mashariki, upande wa ziwa. Kiwanja hakuna: nje ya mlango ni njia ya watu, na kando ya njia ni mbuzi wa jirani. Alichokuwa nacho ni ujuzi wa miche. Tangu nikiwa mtoto watu walikuja kwake kununua miche ya nyanya, kabichi na biringanya. Akaamua kuiotesha ndani, karibu na kitanda, na akanituma nikatafute wenye kujua kazi hiyo.

Wenye kujua walikuwa wale wa bangi, na kuna sababu ya kihistoria. Kwa karne nyingi bangi ilikuwa mmea wa jua kama mahindi. Ilipoanza kusakwa kwa nguvu huko Marekani, hasa miaka ya 1970 na 1980, ilihama. Kuanzia 1983 huko California kikosi maalumu kiliizunguka milima kwa helikopta kikiing'oa mashambani, na wakulima wengi wakaipeleka kwenye vyumba vya chini ya nyumba, magari mabovu na makabati. Mwaka 1989 idara ya nchi hiyo inayopambana na dawa za kulevya ikaanza kuyafuata hata maduka yaliyouza taa na vifaa vya kuoteshea. Mtu aliyefungiwa na mmea wake katika chumba kisicho na dirisha alilazimika kujifunza mambo ambayo mkulima wa shambani hupewa bure: mwanga unatoka wapi, hewa inapita wapi, mzizi unapumuaje ndani ya ndoo. Aliyoyajifunza akayaandika. Hivyo maktaba kubwa ya kilimo cha ndani ya nyumba ikatungwa na watu waliokuwa wakijificha.

Mimi nilisoma maandishi yale nikiwa na mche wa nyanya akilini. Nilianza na udongo.

Jambo la kwanza walilosisitiza ni kwamba udongo wa shamba, hata uwe mzuri vipi, hauwi mzuri ukitiwa ndooni. Shambani maji yanashuka, na udongo wa chini unaendelea kuyavuta. Ndani ya ndoo hakuna chini pa kuvuta: maji yanatuama juu ya kitako, mzizi unakosa hewa, mche unageuka njano. Kwa hiyo udongo wa chombo lazima ulegezwe. Wao walitaja vitu vya kununua: mawe mepesi meupe yaliyookwa kiwandani, nyuzi za ganda la nazi, mboji ya magunia. Kalehe hakuna duka la namna hiyo. Mama mdogo alinisikiliza nikimsomea orodha hiyo, kisha akauliza kila kitu kinafanya kazi gani. Nilipomwambia kwamba yale mawe meupe kazi yake ni kuacha nafasi ya hewa na kupitisha maji, alicheka kidogo.

“Sasa si ni muchanga,” alisema. “Ule wa Nyamukubi ungali pale.”

Alirudi Nyamukubi na gunia, akachukua mchanga ulioletwa na mafuriko, ule ule uliofunika shamba lake, akauosha ziwani mara tatu. Mchanganyiko wake ni ndoo mbili za udongo wa juu uliochekechwa, ndoo moja ya mchanga huo, na ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza hadi haina tena harufu. Anaujaribu kwa mkono: anaulowesha kidogo, anaufinyanga kama ugali, kisha anaugusa kwa kidole. Tonge likivunjika, udongo uko tayari. Likibaki limeshikana, anaongeza mchanga. Lisipofanyika tonge kabisa, anaongeza samadi. Ndoo zote zimetobolewa chini. Kabla ya kupanda anaumwagia udongo maji yanayochemka na kuuacha upoe, kwa sababu miche michanga ndani ya nyumba hushambuliwa na ugonjwa unaolegeza shina usawa wa ardhi, ikaanguka yote kwa usiku mmoja. Katika vitabu vya kilimo vya Tanzania ugonjwa huo unaitwa kinyausi. Nilipomtajia neno hilo alilirudia mara mbili. Yeye miaka yote alikuwa akisema miche “imekatika shingo.”

Kisha tukaingia kwenye mwanga. Mche wa ndani huinamia dirisha. Charles Darwin na mwanawe Francis waliandika juu ya hilo katika kitabu chao cha 1880: walifunika ncha ya chipukizi la nyasi, likaacha kuinama, wakaonyesha kuwa mmea unaupokea mwanga nchani ilhali kupinda kunatokea chini yake. Mama mdogo hakuhitaji Darwin kujua kwamba miche yake ilikuwa inarefuka, inapauka na kulala upande mmoja. Sisi tuko karibu nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, jua letu linakaa takribani saa 12 mwaka mzima, wakati mkulima wa ndani kule Uholanzi analilipia jua lake kwa bili ya umeme. Shida ya chumba cha Ihusi ilikuwa kwamba mwanga unaingia asubuhi kupitia dirisha moja, unagusa upande mmoja wa jani, kisha unamezwa na ukuta wa udongo ulio mweusi kwa moshi.

Hapa maandishi ya bangi yalikuwa na jibu zuri. Watu wengi hudhani kitu kinachong'aa ndicho kinachorudisha mwanga vizuri, kwa hiyo huzungushia miche karatasi ya alumini au bati jipya. Waandishi wale walionya kwamba karatasi iliyokunjamana huurusha mwanga kwa mistari, hapa mwingi, pale hakuna. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa huusambaza sawasawa. Tulipaka chokaa ukuta unaotazamana na dirisha, tukapaka pia makatoni mawili na kuyasimamisha pande za meza. Kila asubuhi anageuza masanduku ya miche nusu duara. Baada ya juma moja nilimpigia simu, akaniambia miche imesimama.

Nilipoanza kuyaandika haya yote kwa Kiswahili, kwa ajili yake na jirani zake wawili, nilikwama kwenye kitenzi kimoja. Kifaransa kina neno moja, réfléchir, kwa kioo kinachorudisha mwanga na kwa mtu anayewaza. Kiswahili kimegawa kazi hiyo: kioo huakisi, mtu hutafakari. Niliandika “ukuta mweupe huakisi mwanga,” nikijivunia usanifu wangu. Mama mdogo akasoma, akanyamaza.

“Unasomaka nini kule Bukavu?” akauliza. “Andika: ukuta unarudisha mwangaza. Mutoto atasikia.”

Niliandika hivyo. Wahadhiri wangu wanajua kwamba napenda istilahi, na sijaacha kuzipenda. Lakini kinyausi alilipokea kwa furaha, kuakisi akalikataa, na sababu yake ni ya kiisimu kabisa. Neno la kwanza lilimpa jina la kitu ambacho alikuwa akikieleza kwa sentensi nzima. La pili lilichukua kitendo ambacho tayari kilikuwa na jina. Nadhani huo ni mtihani mzuri kwa kila neno tunalolipendekeza kutoka katika kitivo hiki.

Kuna neno jingine ambalo sikuweza kulikwepa, nalo ni jina la mmea wenyewe. Bangi ni neno lililovuka Bahari ya Hindi kutoka India pamoja na mmea, likapita pwani, likapanda bara. Upande wa magharibi wa nchi yetu neno ni diamba, na neno hilo nalo lilivuka bahari nyingine: watumwa waliochukuliwa huko walifika nalo Brazil, ambako diamba na liamba yalisikika kwa muda mrefu. Kasai katika miaka ya 1880 kulikuwa na Bena Riamba, watu wa Kalamba Mukenge, waliouvuta mmea huu pamoja hadharani kama ishara ya urafiki. Majina haya yote yanaukumbuka mmea ukiwa nje, kati ya watu. Chumba kilichofungwa kilikuja baadaye sana.

Ndiyo maana chumba kilichofungwa kinaleta maneno. Mwezi wa pili wa kazi yetu, kapita alibisha hodi akiwa na wazee wawili. Walikuwa wameambiwa kwamba ndani mna ukuta mweupe, mlango unafungwa mchana, na mwanafunzi anatoka mjini na makaratasi. Sikumlaumu. Makaratasi yenyewe, kama angeyasoma yale ya asili, yangetutia hatiani. Mama mdogo aliwakaribisha, akawapa kiti. Kapita akainama mezani, akasugua jani kwa vidole, akanusa. Hakuna harufu kama ya jani la nyanya, nayo hukaa mkononi hadi jioni. Akauliza bei ya mche. Alipoondoka, mama mdogo alisema jambo ambalo nimelifikiria mara nyingi kuliko ziara yenyewe.

“Anafikiri nimejificha. Mimi sikujificha, mimi sina shamba.”

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha insha hii. Wale walioandika yale maelezo waliingia ndani wakikimbia polisi. Yeye aliingia ndani kwa sababu maji yalichukua mahali pake na hakuna mahali pengine. Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, lakini vijijini mtu bado anaipata kwa njia za zamani. Jirani zetu wa Bushi huiita kalinzi ile haki ya kudumu iliyolipiwa zamani kwa ng'ombe, na bwasa ile ya kulima kwa msimu tu. Mwanamke aliyefiwa au aliyehama mara nyingi hubaki na ya msimu. Baada ya mafuriko alipewa kipande cha namna hiyo, naye akakikataa. Nilimuuliza kwa nini, maana kipande ni kipande.

“Udongo ya kukodi haina mama,” alinijibu. “Ukiilisha leo, kesho mwenyewe anaona imenona, anairudisha.”

Kunenepesha udongo kunataka miaka: samadi ya mwaka huu, majani ya mwaka ujao, mtaro wa kuzuia mmomonyoko unaoimarika polepole. Hakuna anayefanya hivyo mahali ambapo anaweza kuondolewa baada ya mavuno. Huwa tunasikia kwamba wakulima wa Kalehe wanahitaji mafunzo ya kuhifadhi udongo. Mama mdogo anayajua mafunzo hayo kuliko wengi wanaoyatoa, na udongo wake uliotunzwa vizuri kuliko wote uko ndani ya ndoo tisa, kwa kuwa ndoo tisa ndiyo ardhi pekee ambayo hakuna anayeweza kumnyang'anya.

Maelezo yale sasa ni kurasa nne kwa Kiswahili. Neno bangi halimo, ingawa kila aya ina deni kwake. Wanawake wawili wa Ihusi wanayatumia, na wa tatu ameomba nakala. Mwezi wa nane mwenye nyumba alipandisha kodi na mama mdogo akahamia chumba kingine, mita mia mbili kuelekea barabarani, dirisha likitazama kusini. Aliita vijana wawili wenye toroka. Ndoo za udongo zilitangulia, kisha makatoni yenye chokaa, na kitanda kikafuata jioni.