Jembe Si Adhabu

Msafiri atokaye Bukavu kwenda upande wa kaskazini hufika Miti kabla ya Kavumu. Hapo njia yagawanyika: moja yaendelea Kavumu na Katana, ikifuata upande wa ziwa, nyingine yapanda magharibi kwenda Tshivanga na msitu wa Kahuzi, hata Bunyakiri. Sisi, baba na mama wa nyumba moja ya hapo Miti, twapenda kuwaeleza jinsi elimu ya kilimo ilivyoingia katika nchi yetu, na jinsi tulivyoidharau siku ilipobisha hodi mlangoni petu.

Tulipokuwa wanafunzi, jembe lilikuwa fimbo ya pili ya mwalimu. Aliyechelewa alipewa jembe. Aliyeshindwa hesabu alipewa jembe. Aliyejua majibu alibaki darasani na kitabu chake, akiwatazama wenzake dirishani wakitoka jasho. Hakuna aliyetuambia kwa maneno kwamba shamba ni mahali pa wajinga, haikuwa lazima. Tulijifunza somo hilo kila juma, na hatukulisahau.

Basi, binti yetu wa kwanza alipomaliza shule ya sekondari akatuambia kwamba ataka kusomea kilimo katika chuo kikuu, tulinyamaza. Sisi tulikuwa tumetumaini udaktari, au sheria. Baba yake mdogo hakunyamaza. Alisema mbele ya watu: “Kwani jembe limepotea nyumbani, hata tuuze ng’ombe ili mtoto akalitafute Bukavu?” Watu wakacheka. Nasi, twaungama, tulicheka pamoja nao. Binti yetu hakucheka.

Dharau hiyo haikuzuka bure. Ina historia yake. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweka kilimo cha lazima: mwanakijiji alilazimishwa kulima mazao yaliyoamriwa, hata siku 60 kwa mwaka, na wakati wa vita kuu ya pili, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Asiyelima aliadhibiwa. Kwa hiyo bwana shamba alipopita kijijini, wazee wetu hawakumwona kama mwalimu. Walimwona kama askari mwenye daftari. Tena mwaka 1933 iliundwa INEAC, taasisi kubwa ya uchunguzi wa kilimo, yenye makao makuu ya kazi huko Yangambi, kwenye mto Kongo. Huku kwetu ilikuwa na kituo cha Mulungu, mwendo mfupi kutoka Miti. Hapo walichunguza kahawa, chai, pareto na miti ya kwinini. Kazi yao ilikuwa ya ustadi mkubwa, na hatuwezi kuikana. Lakini katika kazi hiyo jembe lilikuwa mkononi mwa mtu wa kwetu, na kalamu mkononi mwa mgeni.

Na chuo kikuu je? Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji kilifungua kituo cha kilimo huko Kisantu mwaka 1932, ili kuwafundisha wasaidizi. Chuo kikuu chenyewe kilikawia. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha Élisabethville mwaka 1956. Siku ya uhuru, mwaka 1960, Wakongomani wote waliokuwa na shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache kuliko watoto wa darasa moja la shule ya msingi hapa Miti. Mwaka 1971 vyuo vikuu vyote vikaunganishwa kuwa kimoja, na mwaka 1973 mafundisho ya juu ya kilimo yakapewa makao Yangambi, penye mashamba na maktaba ya INEAC ya zamani, ambayo tangu 1970 ilikuwa imepokewa na taasisi ya taifa, INERA. Lilikuwa wazo jema kuwapeleka wanafunzi penye mashamba. Lakini kwa mtoto wa Kabare, Yangambi ilikuwa mbali, ng’ambo ya msitu mzima. Na ardhi ya kule ya bonde lenye joto si ardhi yetu ya milima, yenye baridi na miteremko mikali.

Mwaka 1981 muungano ule ulivunjwa. Kisha mwaka 1989 Maaskofu wa jimbo letu kuu la kanisa walianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, na mwaka 1991 ndugu zetu Waprotestanti wakaanzisha chao, Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika. Vyote viwili hufundisha kilimo. Ndivyo elimu hiyo ilivyotukaribia hatimaye. Vita vya 1996 na 1998 vilipita juu yetu, na mwezi wa Februari 2025 vilifika tena Kavumu na Bukavu. Lakini kilichokwisha kuingia katika akili ya kijana hakiibiwi kama mbuzi.

Tukamwacha binti yetu aende, si kwa sababu tulikuwa tumesadiki, bali kwa sababu alikuwa hakubali shauri jingine.

Likizo ya kwanza alirudi na kiburi kidogo. Alimkuta bibi yake akipanda maharagwe ya rangi nyingi katika shimo moja: mekundu, meupe, ya madoadoa. Akamwambia: “Bibi, mbegu hazichanganywi hivi. Chagua moja iliyo bora.” Bibi akamjibu: “Mjukuu wangu, mvua ikizidi, haya mekundu huoza na haya ya madoadoa hubaki. Jua likizidi, ni kinyume. Wewe waniambia nichague. Je, umekwisha kuzungumza na mvua?” Aliporudi chuoni alimwuliza mwalimu wake. Mwalimu akamweleza kwamba wanawake wa Kivu na Rwanda huchanganya mbegu za maharagwe kwa makusudi, na wachunguzi wenyewe wamekiri kwamba mchanganyiko huo ni kinga ya njaa. Binti yetu akatuandikia barua fupi. Ndani yake mlikuwa na neno moja kwa bibi: “Nisamehe.”

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yetu kuomba msamaha. Migomba yetu ilianza kufa. Majani yalikuwa ya manjano, yakanyauka kama yaliyopitiwa na moto. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, na ukizipasua zilikuwa zimeoza ndani. Ukilikata shina, lilitoa utomvu wa manjano. Tulikuwa na migomba 40. Wenye migomba watajua maana yake: ni chakula, ni kasiksi ya harusi na ya matanga, ni karo ya shule. Baba mdogo alisema ni uchawi wa jirani, akamtaja na jina. Tulikuwa karibu kugombana na watu tuliokaa nao miaka yote.

Binti yetu alikuja Jumamosi, akatazama, akasema: “Huu ni mnyauko.” Akatueleza kwamba ugonjwa huu ulijulikana kwanza Ethiopia, mwaka 1968, mwaka 2001 ukaonekana Uganda, na baadaye Masisi katika nchi yetu. Huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wadudu waendao kutafuta utamu katika ua liningʼinialo chini ya mkungu huvibeba. Na panga la mkulima huvibeba pia.

Hapo bibi, aliyekuwa ameketi kimya, akasema: “Mimi niliona. Ugonjwa haukufuata upepo, ulifuata panga. Ulianza pale walipokuja kukata majani ya harusi.” Hakuna aliyekuwa amemwuliza. Binti yetu akamshika mkono, akasema: “Bibi, hayo uliyoyaona wewe, sisi twayasoma.”

Tukafanya alivyotufundisha. Ua lile tuliliondoa kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu chane za mwisho zilipokwisha kutokea. Kila panga lilipitishwa motoni kabla ya kwenda mgomba wa pili. Mgomba mgonjwa tuliukata usawa wa udongo mara ulipoonyesha dalili, bila kung’oa shina zima na machipukizi yake. Maana majaribio yaliyofanywa hapa hapa Kivu yameonyesha kwamba si kila chipukizi la shina moja huugua, na mkulima akikata upesi na bila kuchoka, ugonjwa hupungua sana. Tulipoteza migomba 17. Ile 23 ilisalimika. Jirani aliyetajwa kwa uchawi alikuja kujifunza pamoja nasi, na tukamwomba radhi.

Baba mdogo alikawia majuma mawili. Kisha akaja jioni, akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini: “Mwanangu, njoo uone na yangu.” Binti yetu alichukua panga na kijiti, akamfuata. Hakumkumbusha habari ya ng’ombe.

Wasomaji wapenzi, tumeyaandika haya kwa sababu ya makosa mawili. La kwanza ni letu sisi wazazi, na la walimu pia: kumfanya mtoto aamini kwamba jembe ni adhabu. Mwalimu akitaka kumwadhibu mtoto, na atafute njia nyingine. Bustani ya shule iwe mahali pa kupima, kuhesabu na kutazama, na aliye wa kwanza darasani awe wa kwanza kuingia humo. La pili ni la msomi: kushuka kijijini na kinywa kilichojaa na masikio yaliyozibwa. Zamani bwana shamba alikuja na amri. Tusifurahi ikiwa mtoto wetu atakuja na amri hizo hizo, ati kwa kuwa ni mtoto wetu.

Mashamba yetu ni madogo, na watoto ni wengi. Hapana ardhi mpya inayotungoja. Iliyopo ni hii, nayo kila mwaka mvua huiteremsha milimani. Ikiwa wenye akili wote watakimbilia ofisini, ni nani atakayeitunza? Wahenga walisema: atakaye cha mvunguni sharti ainame. Chuo kikuu chetu kimekuja karibu, na bibi zetu bado wako hai. Tuwakutanishe upesi, kabla mmoja wao hajaondoka.