Dawati la Hakimiliki na Wasomaji wa Geita

Maisha yangu ya kazi yamepita katika dawati la hakimiliki la maktaba ya chuo kikuu, nikiwahudumia zaidi wanafunzi wa masafa wa Shinyanga na Geita: walimu, maofisa afya, watumishi wa migodi. Wengi walimwona mkutubi wa hakimiliki kama askari wa fotokopi. Kwangu, uzito wa kazi hii uko mapema zaidi, siku mtafiti anapotia saini mkataba na jarida. Chukua Rwamagasa, kijiji cha wachimbaji wadogo mkoani Geita, kilichohusishwa na mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki kati ya 2002 na 2007. Watu wa pale walipimwa damu, mkojo na nywele, na mwaka 2010 matokeo yakatoka kwa Kiingereza katika Science of the Total Environment, jarida ambalo makala zake nyingi husomwa kwa kulipia. Waliotoa damu ndio walio mbali zaidi na maandishi hayo.

Hakimiliki huwa ya mwandishi tangu anapoandika, bila kusajili chochote. Akiihamisha yote kwa mchapishaji, atahitaji ruhusa hata kuigawa makala yake kwa wauguzi wa Geita. Ndiyo maana niliwasihi watafiti wabakize haki mbili: kuweka muswada uliokubaliwa katika hifadhi ya chuo, na kutafsiri. Hiyo ya pili husahaulika, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa anayechoma zebaki kwenye makarasha ya kusagia mawe ya dhahabu hasomi Kiingereza cha majarida. Najua sheria hailindi takwimu zenyewe, na yeyote anaweza kueleza ugunduzi kwa maneno yake. Lakini muhtasari wa mtu wa pembeni hupotosha vipimo kwa urahisi, na katika sumu kipimo ndicho habari yenyewe.

Wapo wanaosema maktaba inayotaka maandishi yawe wazi inamnyima mwandishi riziki. Kwa kitabu cha kiada wana haki: mwandishi wa Kiswahili hula kwa mauzo, na kudurufu kitabu kizima katika steshenari ya Kahama ni wizi. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania, Na. 7 ya 1999, inaziruhusu maktaba kutoa nakala kwa kiasi cha mahitaji yao, bila kuharibu soko la kazi hiyo. Makala ya utafiti ni jambo jingine, kwani jarida kwa kawaida halimlipi mwandishi wake. Wengine huogopa kwamba tasnifu ikiwekwa mtandaoni itaibwa. Iliyofungiwa kabatini huibwa kwa raha zaidi, maana hakuna wa kuilinganisha. Hofu ninayoikubali ni nyingine kabisa: tasnifu inayoonyesha mashimo ya wachimbaji wasio na leseni inaweza kuwaponza waliomwamini mtafiti. Hakimiliki haiwakingi hao. Kurasa hizo nilishauri zifungwe, na sehemu nyingine ya tasnifu iachwe wazi.