Mwenye Kumpa Ugali

9 Machi 2024, Jumamosi

Fundi aliyenipigia simu alisema watoto watatu wa mbwa. Nimekuta sita na mama yao, kwenye pagale huku Madale, ndani ya chumba ambacho siku moja kitakuwa jiko. Macho wameshafungua na meno ndiyo kwanza yanachomoza, kwa hiyo nakisia wana wiki nne. Madume wawili, majike wanne. Mama ni mwekundu, mbavu nje, na kovu la kamba limemzunguka shingo yote. Mafundi ndio waliomweka hai kwa ukoko wa ugali. Mwenye nyumba kaagiza waondolewe kabla zege la sakafu halijamwagwa Jumatatu, na "waondolewe" kila mtu hapa anajua maana yake.

Dereva wa bajaji kakataa katakata hadi nilipotandika turubai na kuongeza hela.

17 Machi, Jumapili

Simu zinaingia mfululizo, na zote zinataka dume. Jike "atatuletea mzigo", yaani joto, madume ya mtaa mzima getini, kisha watoto ambao mtu atawatia kwenye kiroba na kwenda kuwatupa. Nikiwaambia jike anafungwa kizazi akifika miezi sita hivi na mzigo unaishia hapo, wanasema watafikiria. Hawapigi tena.

Leo kaja bwana mmoja na gari zuri. Anataka madume wote wawili, anatoa hela papo hapo. Watalala wapi? Amefunga minyororo tayari, nyuma ya nyumba. Mchana kutwa? "Mbwa akizoea watu hawi mkali, dada yangu." Nimemwambia hawapo wa kutoa. Mbwa wa mnyororo anabwekea kila kitu, upepo na paka na mwenye nyumba mwenyewe, mwishowe hakuna anayetoka nje kutazama anabweka nini. Hata kama nisingemwonea mbwa huruma, huo ni ulinzi gani?

24 Machi, Jumapili

Chanjo ya kwanza, wote sita. Daktari wa mifugo kawashika mmojammoja kwa ngozi ya shingo, hakuna aliyelia ila yule mdogo mwenye soksi nyeupe, ambaye alilia kabla hajaguswa. Itarudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi watimize wiki kumi na sita. Kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mama yao huizuia chanjo isishike, na kwa kila mtoto kinga hiyo inaisha kwa wakati wake. Watu wengi wanachoma moja, wanaona yametimia, kisha mtoto anaanza kutapika na kuharisha damu na siku chache baadaye hayupo.

Hiyo ndiyo parvo. Daktari kanikumbusha jambo la kuwauliza wote wanaokuja: je, kuna mtoto wa mbwa aliyekufa hapo kwenu mwaka huu? Kirusi chake hukaa udongoni mwaka mzima na zaidi. Sakafu ya saruji utaisugua kwa jiki, uwanja wa mchanga utausugua na nini?

6 Aprili, Jumamosi

Wiki nane. Kabla ya hapo simtoi mtoto kwa mama yake, hata anayemtaka awe ametoka Bagamoyo kwa miguu.

Mzee wa Mkuranga kaja baada ya adhuhuri, kafunga, hata maji sikumkaribisha. Anafuga mbuzi. "Shikamoo mzee, nyumbani hawatamkataa?" Marahaba, kasema, mbwa wa kulinda mifugo hana neno, ila atalala bandani na chombo chake kitakuwa chake. Kisha kamwita mjukuu aliyekuja naye, kijana wa miaka kumi na mbili hivi, ndiye achungaye. Kijana kachuchumaa, kaacha vidole vinuswe, halafu kaniuliza dagaa wasagwe au apewe wazima. Dume wa kwanza kaenda.

Wenye nyumba huniambia wanavyopenda mbwa. Swali la chakula huulizwa na mwingine kabisa. Kuanzia leo sitoi mbwa kabla sijazungumza na dada wa kazi, mlinzi, au mtoto atakayetumwa kumpelekea ugali.

14 Aprili, Jumapili

Mama mmoja wa Tegeta, mjane, kazungumza vizuri kuliko wote. Fensi ipo, kivuli kipo, binti yake ndiye anayepika. Nikauliza la parvo. Ndiyo, mtoto wao alikufa Januari, aliharisha damu. Kalia kidogo akisimulia.

Mtoto sikumpa. Nikamwita mama mwekundu, ambaye hakuna aliyewahi kumuulizia: mtu mzima, jike, mwenye kovu. Ugonjwa ule mara nyingi huua wadogo, na huyu ameshachanjwa. Binti kauliza kama ameshawahi kung'ata. Nikasema kwangu bado, na mkononi nilikuwa nimemshikia mfupa wakati huo. Watamchukua akishafungwa kizazi, maziwa yakikauka.

5 Mei, Jumapili

Mvua tangu juzi. Watu wa hali ya hewa, TMA, wamesema kimbunga Hidaya kimeisha nguvu, lakini banda limeingia maji na mbwa wote wamelala koridoni kwangu. Katikati ya hayo, Soksi amerudishwa. Waliomchukua ni wapangaji. Mwenye nyumba wao hajaulizwa, kakuta mbwa, kawapa siku mbili. Sikuwagombeza, kwenye karatasi tuliyotiana saini imeandikwa arudi kwangu, asiachwe sokoni, na wao wamefanya hivyo. Karatasi mpya ina mstari wa simu ya mwenye nyumba.

Waliobaki wamechomwa chanjo ya kichaa cha mbwa jana. Jirani aliyekuwa akilalamika kaja kuomba na wake achomwe.

17 Agosti, Jumamosi

Kibada wamechukua majike wawili kwa ajili ya banda la kuku, mlinzi wao ndiye aliyechagua. Dume wa pili na jike mwingine wako Goba, nyumba tofauti, mtaa mmoja. Mama mwekundu, huko Tegeta, nimemkuta mnene kiasi cha kumwambia binti apunguze ugali.

Soksi bado yupo. Wiki hii wamepiga watu wawili, na wote wameanza kwa kuuliza kama ni dume. Daktari anamfunga kizazi Alhamisi, wale wa Kibada vilevile. Mlinzi kasema atawaleta kwa bajaji, nimtumie nauli tu.